Mgunga wa Ngitili ya Didia

Baba yangu alikuwa mwalimu wa biolojia, Msumbwa wa Ushirombo aliyelelewa na mapadri, mtu ambaye hakuwahi kuchunga mbuzi hata siku moja. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Mama alikuwa wa Didia. Kwao kulikuwa na ngitili, kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukifunga masika yote ili kiangazi kikali kikikute bado kina majani. Babu aliifunga yake kwa ukali kuliko majirani: kiangazi waliingia ndama peke yao, na mbuzi walipigwa marufuku mwaka mzima. Humo ndani, muda mfupi baada ya kumzika Mama, Baba aliona mgunga wenye miiba mifupi na majani mapana ambayo hakuwahi kuyaona nje ya mpaka. Akatangaza kuwa ni spishi mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliamua kuupa jina la Mama, kwa Kilatini, ulimwengu mzima ulisome.

Miaka ile ya tisini, nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kambarage, hapakuwa na habari nyingine. Matawi yalibanwa kwenye magazeti chini ya godoro na chini ya mito ya viti, na ole wako ukae juu ya kiti bila kutazama. Mjomba, kaka wa Mama aliyerithi ngitili, aliendelea kuwazuia mbuzi hata mvua zilipogoma na mbuzi wake mwenyewe wakabaki mifupa. "Huyu ni dada," alisema, basi. Mimi niliwacheka wote wawili, lakini nilitamani iwe kweli kuliko wao.

Nikapata nafasi ya kwenda kusomea mimea Ulaya. Kazi yetu ilikuwa kuipanga upya jenasi ya migunga kwa vinasaba, maana zamani iliainishwa kwa sura tu: ua, ganda, mwiba. Baba akanifungia majani ya mti wake pamoja na ya migunga ya nje ya ngitili. Ili yakauke haraka, vinasaba visiharibike, aliyachanganya na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Mhindi mmoja mwenye duka pale mjini alimkusanyia kopo zima, huku akimtania kwamba sasa kilichobaki ni kununua viatu.

Maabara ilituumbua wengi. Migunga iliyosemwa ni ndugu wa tumbo moja ilionekana haijuani kabisa, na mingine iliyotenganishwa vitabuni ikawa majirani wa karibu. Lakini mti wa Baba na mgunga wa kawaida wa Didia, ule unaomchoma kila mpita njia, niliulinganisha nikarudia, sikuona tofauti. Mgunga usiotafunwa na mbuzi huota miiba mifupi na kuachia majani yapanuke. Upya wake wote ulitokana na amri ya Babu. Nililia kwa hasira. Niliikasirikia mashine, nikawakasirikia na mbuzi.

Likizo ilipofika nikarudi. Baba alinipokea barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Enhe, ni mpya?"

"Ni mgunga ule ule, Baba."

"Hakuna tofauti hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akauliza kama nimekula. Usiku huo hakugusa chakula chake, na asubuhi akaniambia twende Didia.

Mjomba alipoelezwa alimtazama Baba, si mimi. "Na jina la dada je?"

"Hakuna mti wa kulibeba. Waachie mbuzi wako wale, shemeji. Umewanyima vya kutosha."

Mbuzi hawakungoja kubembelezwa. Tulisimama mpakani tukiwaangalia wakiinuka kwa miguu ya nyuma na kuyavuta yale majani mapana.

Ndipo Baba akaanza kuongea. Alisema alikuwa hapa hapa mpakani, kijana, anakata matawi ya kufundishia, msichana alipotokea akamfukuza akidhani ni mwizi wa malisho. Yeye Baba alikimbia mpaka akapoteza kiatu.

"Na fimbo dada alikuwa nayo," Mjomba akadakia. "Usiifiche, shemeji."

"Alikuwa nayo," Baba alisema, akacheka huku machozi yakimtoka.

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa akinisimulia mti tu.