Nani Alifuta Picha za Keren?

Jumamosi asubuhi Hortense alifungua simu yake, akakuta mtoto wake hayupo.

Mtoto mwenyewe alikuwa uani, anakunywa chai. Picha zake ndizo hazikuwepo.

Zote. Miaka saba! Kuanzia siku aliyozaliwa, amefungwa kitenge cha njano, mpaka juzi akila bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndakala. Hakuna hata moja.

Mimi ni jirani yake hapa mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Kanisimulia mwenyewe, akasema: andika, usinifichie kitu.

Basi sifichi. Hortense alikuwa na ugonjwa wa kupiga picha. Keren akisugua meno, picha. Keren akianguka, picha kwanza, kuinuliwa baadaye.

Mume wake, Emery, anaendesha lori la njia ya Kilwa, ile ya huku Katanga. Barabara ile ni mashimo matupu. Anaweza kupotea wiki tatu.

"Baba yake ataona wapi vile mutoto alikomaa?" Ndivyo Hortense alivyojitetea.

Aliyethubutu kumpinga alikuwa mmoja tu. Séphora, dada mdogo wa Emery, aliyekuwa akiishi nao.

"Mama Keren, acha kwanza mutoto akule."

"Ni wako?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nyamaza. Zaa wako, umufiche."

Séphora alikuwa amerudishwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Hortense alijua vizuri anapiga wapi.

Kwa hiyo Jumamosi ile hakupeleleza chochote. Alivuka ua, lupango kama tunavyoita, moja kwa moja, simu mkononi. Séphora alikuwa anafua.

"Njo weye ulifuta foto za mutoto wangu?"

Séphora akamtazama. Akatazama mlangoni, Keren amesimama pale na kikombe chake. Akarudisha macho kwenye beseni.

"Njo miye."

"Juu ya nini?"

"Nilichoka kuziona."

Eeh! Kofi lilisikika mpaka kwangu.

Nguo zikatupwa nje. Viatu, Biblia, chanuo, vyote kwenye vumbi.

"Roho mubaya weye! Hauna mutoto, unataka kumaliza wangu!"

Tulijaa ukutani kuangalia. Mimi pia nilikuwepo, na sikufungua kinywa. Sijivunii.

Séphora aliokota vitu vyake. Akaenda mtaa wa Katuba, kwa rafiki yake Mapalo.

Fundi wa simu mjini akatafuta saa nzima. "Mama, hata mule mwenye bintu bilifutwa binabakiaka, hamuna kintu." Hata hifadhi ya vilivyofutwa ilikuwa tupu.

Emery akapiga simu kutoka njiani, amewaka.

"Dada yangu umemutupa ku barabara juu ya foto?"

"Chagua. Miye ao yeye!"

Hortense akamkatia simu.

Jumatatu Hortense akaamua kuanza upya. Akamwita Keren uani.

"Kuya, mama. Simama hapa. Cheka."

Mtoto akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mama, usiniweke tena ku status."

"Nani alikwambia mambo ya status?"

"Ku masomo bote banajua. Bananiitaka Kikojozi."

Hortense akashusha simu.

Wiki mbili nyuma Keren alikojoa kitandani. Hortense akamsimamisha kando ya godoro lililoanikwa, akampiga picha huku analia. Akaiweka status na maneno haya: "Kwetu mvua inanyesha ndani ya nyumba."

Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Mama mmoja akamwonyesha mtoto wake anayesoma darasa moja na Keren, na huyo akawaambia wengine wote.

"Nilitafuta ile ya matela, sikuiona," Keren akasema, yaani ile ya godoro. "Njo nikafuta zote."

"Weye?"

"Tantine Séphora alinikuta. Alisema ninyamaze, juu utanipiga na mukaba."

Mkanda. Na kweli angempiga. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango kwa kazi hiyo.

Hortense akapanda pikipiki mpaka Katuba. Séphora hakumkaribisha kiti.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungemupiga. Miye unanipigaka na kinywa kila siku, niliisha kuzoea."

"Nisamehe, dada. Rudia ku nyumba."

"Keren nitakuya kumuona. Weye, hapana."

"Séphora..."

"Uliniita roho mubaya mbele ya lupango yote. Nenda ukabaambie nao ukweli, mbele yabo."

Akafunga mlango.

Hortense alituambia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na kuna waliomcheka usoni. Lakini Séphora hajarudi. Kila Jumatano anamngoja Keren kwenye lango la shule, anampa andazi, wanatembea pamoja mpaka kona ya barabara, basi. Hortense akitokea, Séphora anageuza njia.

Halafu kukatokea hili, lililomkata kabisa.

Hortense aliwaandikia ndugu na marafiki wote: mwenye picha yoyote ya Keren amtumie, aanze tena kuzikusanya.

Akangoja siku mbili. Watu watano wakajibu.

Akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Mpaka ya tano.

Zote ni ile ile. Keren, godoro, machozi. Ile peke yake ndiyo watu waliyoona inafaa kuhifadhi.

Alikaa chini jikoni akalia, na Keren akaogopa kumkaribia.

Maneno ya mwisho ni yake, nayaandika kama alivyoyasema: "Mutoto wako akilia, weka telefone chini, kamata mutoto. Foto nilikuwa napigia bantu. Nilisema ni ya kukumbuka, lakini nilikuwa nangoja bacheke. Na Keren njo mwenye kukumbuka."