Kitenge cha Mama Neema

Naikumbuka siku moja ya usichana wangu. Dada yangu alivaa buibui la jirani, akatembea akichechemea kama yeye, nasi tukacheka mpaka machozi. Bibi yetu akatoka jikoni. Hakupiga kelele. "Vua," alisema. "Huyo mtu bado anaihitaji sura yake." Nikadhani ni ukali wa wazee tu.

Mwanangu, maneno yale nimeyaelewa juzijuzi, kichwa kizima kimeshakuwa cheupe.

Mjukuu wangu Shamim anasomea mambo ya filamu hapa Kampala. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo sikuuliza sana. Yeye na wenzake walikuwa na hadithi ya mwanamke anayemtilia sumu mtoto wa jirani. Nguo ya kumvisha mwanamke huyo wakaenda kuiazima kwa Mama Neema, Mkongomani aliyepanga chumba cha nyuma ya nyumba yetu Kyebando, akipika maharage na sombe, yale majani ya muhogo, kuwauzia watu. Akawapa kitenge chake cha kanisani, kimepigwa pasi. Hawakumwambia kitavaliwa na mtu wa namna gani.

Filamu ilipokwisha kutengenezwa, walitundika shuka uani baada ya magharibi, wakatuita wote. Mama Neema alikaa mbele, amejipaka mafuta, anangoja kukiona kitenge chake. Akakiona. Yule msichana mwigizaji alikifunga vilevile anavyokifunga yeye, akacheka amefunika mdomo kama yeye. Na alipompa mtoto sahani ya sumu, alishika kiwiko kwa mkono wa pili. Hivyo ndivyo Mama Neema anavyompa kila mtu kitu, awe mkubwa awe mdogo. Ndiyo heshima aliyolelewa nayo kwao.

"Eh, Mama Neema, kumbe ni wewe!" kijana mmoja akapaza sauti. "Mimi sombe basi tena!"

Uani kote kicheko. Mama Neema akauliza taratibu kwa Kiswahili cha kwao, "Ule njo mimi?" Yaani, yule ndiye mimi? Wote wakageukia shuka tena. Hata mimi.

Utani ule haukuisha. Mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu, alipelekewa sahani na Mama Neema, akauona ule mkono kwenye kiwiko, akarudi nyuma. Mama yake akacheka kwa aibu, lakini sahani hakuipokea. Sufuria za Mama Neema zikaanza kurudi zimejaa. Mwisho akahamia Namuwongo, kule karibu na reli, wala hakuniaga.

Shamim akanililia mimi bibi yake. "Jjajja, mwalimu alisema mtazamaji amjue mhusika kabla hajafungua mdomo."

"Walimjua," nikamwambia. "Walimjua vizuri sana. Vaa viatu twende."

Mama Neema alitupokea, akasema amesamehe, akatuletea chai. Alitukabidhi vikombe kwa mkono mmoja; wa pili haukugusa kiwiko.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe nawe unayekwenda kutengeneza filamu. Mwalimu hakukosea: nguo na mwenendo vinasema kabla ya mdomo. Ndiyo maana uviogope. Ukiazima nguo ya mtu, mwambie wazi atakayeivaa ni nani, akikataa, ondoka. Na namna anavyocheka, anavyotoa kitu, usimvike mtu mbaya bila yeye kujua. Kitenge utakifua umrudishie. Hivyo vingine utavirudishaje? Kama lazima uonyeshe ubaya, anza kuutafuta nyumbani kwenu. Hautakosekana.

Nenda sasa ukafanye kazi yako. Mungu akufungulie riziki, wala isiwe ya kumfungia mwingine. Amina.