Kifua cha Baba

Daktari alimwuliza baba mara tatu kama aliwahi kuugua TB. Mara tatu mzee akajibu hapana, na mama pembeni yake akaitikia kwa kichwa. Nilikuwepo, na niliwaamini.

Baba alikuwa na saratani ya umio. Hata uji mwepesi ulikuwa unamkwama. Tuliambiwa hatapasuliwa kifua kizima. Wangetoboa matundu madogo ubavuni, wapitishe kamera na vifaa vyembamba, na baada ya muda mzee angerudi nyumbani Tlawi kwenye maharage yake.

Siku yenyewe, kabla ya saa sita mchana, daktari akatoka, kofia ya upasuaji bado kichwani. Pafu limegandana na ukuta wa kifua kwa makovu ya ugonjwa wa zamani, alisema. Kamera haioni kitu. Walipojaribu kulibandua lilichanika, damu haikatiki, sasa wanafungua kifua.

Akamgeukia mama. "Mama, kweli huyu mzee hakuwahi kuugua TB?"

Mama akavuta khanga begani. "Hapana, mwanangu."

Nilipandwa na hasira mpaka meno yakauma. Nilimkokota hadi dirishani, mama yangu mzazi, nikamwambia mumeo anavuja damu, sema! Ndipo akasema. Miezi ile tuliyoambiwa baba amekwenda kulima kwa mjomba, kumbe alikuwa anameza dawa za TB.

"Mlikuwa mabinti wanne. Nani angekuja kuposa kwenye nyumba yenye kifua?"

Mabinti wanne! Sote tumeolewa zamani, wengine tumeshakuwa wajane, na yeye bado anatutafutia wachumba kwa damu ya baba. Nilikimbia kumwambia daktari mwenyewe.

Baba alipona, ila ana mshono kutoka mgongoni hadi chini ya titi, na pumzi fupi mpaka leo. Nilimwita mama mwongo mbele ya dada zangu. Kwetu jambo hilo halifanywi, na radhi sijaomba.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka Maretadu kumposa binti yangu. Mama wa kijana alimtazama baba akihema kwenye kiti, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama mzee ana ugonjwa wa kifua. Binti yangu alikuwa anamimina chai. Mama yangu akainamisha uso.

"Ni ng'ombe," nikasema. "Alimpiga pembe ubavuni zamani, enzi za ujana wake."