Chungu Kiingie, Bibi Akae Nje

Khabari ya kifo chake imenifikia kwa simu, asubuhi, mikono yangu imejaa unga wa chapati. Mjukuu wangu, yule ninayemsifu katika safu hii mpaka mnachoka, kaniletea sauti: "Bibi, mama wa Mawaleh katutoka." Hakuhitaji kueleza mama yupi. Mtaa wa Mawaleh kina mama wamejaa, lakini aliyemwandikia mjukuu wangu karatasi za talaka ni mmoja. Nikakaa chini, unga ukanikaukia vidoleni, nikamwombea rehema. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kwa msiomjua, alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, baina ya fundi wa abaya na muuza simu, akiwaandikia watu karatasi za Kiarabu za kupeleka serikalini na mahakamani. Sifa yake khasa ilikuwa talaka za walioafikiana: mume anataka, mke anataka, hapana anayemshitaki mwenziwe, wanatafuta tu mtu wa kuyaweka maneno yao kwa lugha ya hakimu. Watu wake walitoka bara, sisi wa Unguja, basi yeye alinicheka kwa maringo yangu nami nikamcheka kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. Alipiga chapa kwa vidole viwili, simu kaibana begani, anagombana na mumewe juu ya samaki. Siku moja nikamuuliza, talaka za wenzio unazipika kila siku, yako utaiandika lini? Hakuinua hata uso. "Bi Mkubwa, mimi na huyu hatujaafikiana hata samaki wa kununua. Talaka ya maafikiano tutaipata wapi?"

Sasa siku yetu. Mjukuu wangu na mumewe walikuwa wamekwisha kupatana: waachane kwa wema, mtoto alale kwa mamake huku mtaani kwetu Khoudh, mwisho wa wiki awe kwa babake. Hapana tusi, hapana mlango uliobamizwa. Lakini sisi mnatujua. Jambo la watu wawili hatuliwachi likabaki la watu wawili. Nikavaa buibui la harusini, nikapika chungu cha biriani, nikampakia dada yangu garini. Upande wa mume nao wakaja, mama mtu na mjomba mtu, wamejifukiza udi. Mpita njia angedhani twaenda kuposa. Hata hatujafika mlangoni, mjomba keshatangaza kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba na kwa baba atakaa. Dada yangu keshamjibu kuwa ukoo huo nao tunaujua. Nikamtazama mjukuu wangu. Alijua maneno hayo yakiingia ndani, maafikiano yamekwisha, na mwanawe atavutwa huku na huku mbele ya hakimu.

Mama yule akatoka. Akatutazama, akakitazama chungu, akafunua kifuniko akanusa.

"Chungu kiingie," akasema. "Bi Mkubwa, wewe na jeshi lako mkae nje."

Nikamwambia huyu nimemlea mimi. Akanishika mkono kwa upole. "Ndiyo maana. Humu wanaingia watu wawili wanaopatana. Nikimwingiza mmoja wenu tu, sina karatasi tena, nina kesi."

Akafunga mlango, na biriani langu ndani.

Tukakaa kwenye benchi, maji ya kiyoyozi yanatudondokea. Mjomba na dada yangu wakagombania Sikukuu mtoto atavalishwa nyumba gani, kisha wakafika kwenye mambo ya mababu waliokufa zamani, na hapana aliyekuwepo wa kuwaandikia. Huko ndani mimi nasikia vijiko, nasikia na kicheko. Walipotoka, yule kijana, mume mtu, midomo inang'aa samli. Akanibusu mkono, akanambia, "Bibi, mjukuu wako nimemrudisha kwa heshima. Biriani lako ndilo litakaloniuma." Nikampiga kikofi cha bega, nikalia. Mahakamani hakimu aliwauliza kama ndivyo walivyokubaliana, wakasema ndivyo, basi.

Zama zetu mwanamke akirudi kwao na sanduku lake, mitaa miwili haisalimiani tena, na mtoto anakua akisikia babake ni mbwa. Wenye ndoa wamekwisha kusahau, sisi wa pembeni bado tunakoroga. Kusoma sikusoma sana, lakini hili nimelisoma pale kwenye benchi.

Jana nimekwenda matangani. Mjukuu wangu alikuwepo, na aliyekuwa mumewe alikuwepo na wanaume barazani, mtoto anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, hapana anayemzuia. Mume wa marehemu, mzee wa watu, alikuwa akimwambia kila anayempa mkono kuwa kanunua samaki changu, na nyumba nzima hapana wa kumwambia kakosea. Binti yao akanivuta niingie ndani. Nikampa chungu, nikamwambia hiki kiingie, mimi niwekee kiti hapa mlangoni, ndivyo mamako alivyonipanga. Akacheka huku analia. Nawe msomaji, siku wanao watakapokwambia wameafikiana, hata kama walichoafikiana ni kuachana, pika vizuri, peleka, kisha tafuta benchi ukae nje.