Simu mpya haijatoka, na ya zamani nishampa mkwe

Jamani, simu ni ya mke wangu ila anayeandika ni mimi, Ami Salim.

Yangu nilimpa baba mkwe kwa mbwembwe. Nikamwambia toleo jipya linatoka wiki hii, na Pemba nzima wa kwanza kulishika ni mimi.

Leo nimekwenda tena dukani Wete.

"Ami, kampuni imeahirisha tena kulitoa," muuzaji ananambia.

Tena! Hata karafuu mbichi zingeshakauka!

Nafika nyumbani, mkwe huyo anapiga kwa mke wangu, ananitaka mimi.

"Mwanangu, mbona hupatikani? Nikurejeshee hii?"

Ukishampa mkwe kitu, utakipokeaje tena?

"Hasha, baba! Mpya ninayo, iko kwenye chaji."

"Alhamdulillahi. Kesho tukitoka Ijumaa njoo nayo niione."

Nambieni, kesho naumwa nini?