Chale za Pacha Mmoja

Kutoka Masasi hadi machimbo ya Nyarugusu nilisafiri kama mtu anayefukuzwa, ingawa wakati ule hakuna aliyenifukuza. Basi lilitulaza kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji. Treni ikatutupa Tabora tungoje mabehewa ya Mwanza. Nikashuka Shinyanga vumbi limejaa kooni, nikalala Ngokolo kwa mtu wa kwetu, kisha nikapanda lori lililokuwa likifuata pamba Geita. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilidhani dhahabu ingeituliza.

Nilipanga chumba kwa mwanamke ambaye wote walimwita Mama Mapacha. Alikuwa mlokole, mkali, asiyetaka kusikia habari za waganga. Aliishi na mama yake mzazi na mapacha wake wawili, wavulana ambao walikuwa hawajaanza shule. Walizoea kuja mlangoni kwangu kunitazama nikitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu.

Siku moja ya gulio pacha mdogo alikuwa na homa. Mama yake akampeleka zahanati, akamwacha huko kwa shangazi auguzwe. Mkubwa alibaki. Jioni mama aliporudi akamvua shati amwogeshe, akakuta chale mbichi kifuani, zimepakwa kitu cheusi.

"Nani amekukata?"

Mtoto akalia tu. Bibi yake ndiye aliyejibu.

"Mimi nilikuwa shambani. Alishinda kwa mgeni."

Wiki ile ile duara letu, shimo tulilolichimba miezi mingi bila kitu, lilikuwa limeanza kutema dhahabu. Pale machimboni hilo lilitosha.

"Duara halitemi bure," jirani alisema kwa sauti, nami nimesimama palepale. "Mtu wa kusini amelilisha damu."

Wanaume wakakutana na marungu yao. Nikaambiwa nisitoke kijijini. Nisisalimiwe, nisipewe moto wala maji, mpaka ukweli ujulikane. "Na ukijulikana," akasema mmoja wao akinitazama, "tutakufukia kwenye duara lako mwenyewe."

Wenzangu wa duara, tuliokula chungu kimoja, walinikana. Mama Mapacha alitema mate nilipopita. Watoto walionizoea walikimbia. Bibi peke yake aliniitikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kila asubuhi. Nilimpenda kwa hilo, nikaamini kijiji kile kina mtu mmoja.

Kisha pacha mdogo akapona, akarudishwa nyumbani. Kwa Wasukuma wa kule, alichofanyiwa pacha mmoja lazima afanyiwe na mwenzake. Anayeachwa, wanaamini, hufa. Mama Mapacha alikwenda kisimani. Ghafla tukasikia mtoto akipiga yowe nyuma ya nyumba. Tukakimbilia huko wote. Tulimkuta bibi amemkalisha mdogo mapajani, wembe mkononi, dawa nyeusi kwenye kipande cha kibuyu.

Mama Mapacha alifika mbio, ameacha ndoo njiani.

"Kumbe ni wewe, mama!"

"Ulinikataza kuwakinga. Ningewaacha wafe? Yule nilishamaliza. Huyu je?"

"Na mgeni? Si walitaka kumfukia?"

Bibi hakunitazama. "Mgeni ana kwao," alisema, akaendelea kupaka dawa.

Nilingoja mtu aniambie pole. Yule jirani wa siku ya kwanza akakuna kichwa. "Haya, chale ni za bibi. Ila duara lilitemaje?"

Wakacheka. Walirudi makwao wakicheka.

Niliondoka na lori la kwanza lililopita. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na mingi naikumbuka kwa hamu, hata ile iliyonilaza njaa. Ule siukumbuki hivyo. Mapacha walinifuata hadi barabarani, vifua wazi, alama zao zikiwa sawasawa, wakaniamkia. Mama yao akawaita ndani kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia niliposhukiwa.

Bibi alikuwa amenitangulia. Alisimama kando ya lori na kifurushi cha michembe, vile viazi vikavu, nile njiani. Alinyoosha mkono, akangoja nimwamkie kama kila siku.

Nikapanda, nikakaa juu ya magunia, nikaangalia mbele.

"Marahaba, mwanangu," nikamsikia akisema.

Dereva akawasha gari.