Tegeta hadi Temeke na Gari Linalochemsha

Niliondoka Tegeta Jumamosi ile kwenda kununua gari, na nilikuwa na hasira kama mtu aliyesingiziwa. Gari letu la miaka yote lilikuwa linachemsha kila likiona foleni. Fundi wetu wa jirani alishatoa hukumu: injini imekufa, tafuteni lingine. Dalali mmoja wa Kurasini akanitumia picha ya gari jeupe lililotoka bandarini juzi. Lakini hela pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati. Nyumba yetu imesimama kuta tupu misimu miwili ya mvua, na sisi na watoto tumebanana kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mke wangu Neema alisema tu, "Nenda. Mabati yatasubiri." Alisema amenigeuzia mgongo, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilijaza rejeta, nikapakia madumu matatu ya maji, nikaingia Barabara ya Bagamoyo. Mwenge nilisimama kuongeza maji. Ubungo nikasimama tena, madereva wakinipigia honi na kunishauri nikaliuze kwa wauza vyuma chakavu.

Saa tatu, Barabara ya Mandela, dalali akapiga simu.

"Braza, uko wapi? Kuna mtu hapa analizungukazunguka hili gari. Mie nakushikia mpaka saa sita tu."

Nikakanyaga mafuta. Nilivuka Tazara mshale wa joto umepanda juu kabisa, na mbele kidogo mvuke ukafunika kioo. Nikajikokota hadi uchochoro wa kwanza upande wa Temeke, kwenye kibanda chenye rejeta kuukuu zilizotundikwa ukutani. Mwenyewe, Mzee Salumu, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse! Liache lipoe."

Lilipopoa alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kidoleni. "Nani kakwambia injini imekufa? Oili haijaingia maji hata tone." Akafungua mfuniko wa rejeta, akakwangua ukoko mweupe kwa ukucha, akauonja. Akatema.

"Humu unapika nini? Mbona chumvi tupu?"

"Ni maji ya kisima nilichochimba kiwanjani kwetu, mzee. Naongeza kila asubuhi."

"Mnayanywa?"

"Hapana, machungu."

"Mnapikia?"

"Mama watoto kakataa. Anasema maharage hayaivi."

"Sasa gari ndo ukaona halina ulimi?"

Nilicheka kwa aibu. Miezi yote hiyo nilijiona baba anayejua kutunza gari, kumbe nililinywesha maji tuliyoyakataa wenyewe.

Saa saba rejeta ilikuwa imezibuliwa, magamba meupe yamemwagika chini, na ndani imewekwa kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini. Mzee aliliacha gari lingurume nusu saa nzima. Mshale ulisimama katikati, haukutikisika. Dalali akapiga tena: gari jeupe limechukuliwa. Nilimshukuru kwa furaha mpaka akaniuliza kama nimemsikia vizuri.

Jioni, njia ya kurudi, niliomba foleni kwa mara ya kwanza maishani. Mwenge ikanipa ya kutosha. Nilikaa pale nikiutazama mshale umetulia, nikapumua hadi tumboni. Nilifikiri pia jinsi nilivyokuwa tayari kuiacha familia yangu bila paa, kabla sijajiuliza mkono wangu mwenyewe ulifanya nini. Hilo ndilo nililojifunza, na nimejifunza nikiwa na umri huu.

Tegeta, Neema alitoka getini akichungulia nyuma yangu.

"Liko wapi hilo jeupe?"

"Sijanunua. Hili limepona."

"Lilikuwa linaumwa nini?"

"Lilikuwa linaumwa mimi."

Nilipomsimulia habari ya chumvi alicheka mpaka akashika boneti.

"Kwa hiyo mabati?"

"Jumatatu."

Alijifuta macho kwa upande wa khanga, akageuka kutazama upande wa kiwanja chetu, akaniuliza nataka ya rangi gani.